Edita ya Marehemu Ema

Wiki iliyopita tulimzika Mama Ema kule Nakwa, pembeni ya mwanawe. Wapishi walikuwa bado hawajaosha masufuria pale shangazi mmoja wa ile familia aliponijia na sahani ya wali, akaniketisha vizuri, akaniuliza kwa upole, "Samahani dada, wewe ni nani wa marehemu?" Mimi si ndugu. Si mkwe, ingawa wapo watu Babati hii waliowahi kuniozesha Ema bila kuniuliza. Si wa dini yao wala si wa kabila lao. Nikamjibu, "Niliwahi kufanya kazi na Ema," naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kwa maana Ema sasa ni picha ya ukutani tu, kijana wa shati jeupe ambaye watoto wa nyumba ile humwita baba mkubwa na hakuna hata mmoja wao aliyemwona. Jibu langu halikuwa la uongo, lakini lilikuwa fupi mno, na tangu siku ile limekuwa likinikereketa kooni kila ninapokaa kimya. Jibu refu ni mwaka mmoja wa ujana wangu, na karibu wote niliumalizia katika chumba kimoja.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa pale Bagara. Kabla yetu kilikuwa stoo ya mbaazi, na harufu ya mbaazi haikutoka humo hata tulipopaka rangi. Kulikuwa na dirisha moja lenye nondo, jiko la mkaa kwenye uchochoro wa nyuma, na meza moja ndefu yenye kompyuta mbili, yangu na ya Ema, zimetazamana kama wachezaji wa bao. Barazani alikaa Fundi Issa na cherehani yake, na kwa kuwa mlango wetu haukufunga vizuri, tulisikia kila sketi iliyobana na kila harusi iliyovunjika, naye alisikia kila tulichobishana. Tulibishana sana. Tulikuwa tunaandika programu kwa yeyote aliyetuamini, na mwaka ule aliyetuamini alikuwa Sista wa dispensari moja, aliyetaka simu za kina mama zipate ujumbe siku moja kabla ya kliniki ya watoto. Mimi na Ema hatukubishana kuhusu kazi hiyo. Tulibishana kuhusu edita, yaani ile programu ambayo mtu anaandikia programu nyingine, jembe letu la kila siku. Ya kwangu ilikuwa nyepesi na ya kistaarabu, unaifungua, unaandika, unasevu, unaondoka. Ya kwake ilikuwa kioo cheusi kisicho na kitufe hata kimoja. Kila herufi ya kibodi ilikuwa amri, na ili uandike neno ilibidi kwanza uiombe ruhusa ya kuandika.

"Zuhura, unalima ekari kumi kwa jembe la mkono na trekta imeegeshwa hapa hapa," angesema, mdomo umejaa chapati.

"Trekta gani hiyo, hata kuizima mtu hajui?" Nilikuwa nimeijaribu mara moja nikashindwa kutoka, nikaishia kuchomoa betri.

"Utahamia tu. Mwaka huu hauishi."

"Nihamie kwani nimerogwa?"

Ningekuwa najua, ningechagua maneno mengine. Nilihamia kweli mwaka ule ule, na Ema hakuwepo kunicheka.

Alikufa saa ya chakula cha mchana. Aliinuka katikati ya kazi akasema, "Naenda kuchukua perege, wewe songa ugali," akaiacha kompyuta yake ikiwaka. Nikasonga ugali, nikaufunika kwa sahani. Bodaboda aliyopanda iligongana na lori kwenye barabara ya Singida, mbele kidogo tu ya pale anapokaa mama wa samaki. Aliyekuja kuniambia alinikuta nimekasirika, namsubiri mtu aliyechelewa na mboga. Fundi Issa ndiye aliyeutoa ule ugali nje baadaye, kwa kuwa mimi sikuweza kuugusa, na mpaka leo sisongi ugali kabla mboga haijaiva. Watoto wangu wanajua hivyo, hawaulizi.

Siku ya kuanua matanga ndugu waligawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti lilikwenda kwa mdogo wake, viatu kwa binamu, Biblia kwa mjomba. Kompyuta ilizunguka mikononi mwa wazee, kila mmoja akiipima uzito kisha akimpa mwenzake, hadi Mama Ema aliposema, "Hii apewe huyu binti wa Bagara." Alikuwa mama mrefu, mkulima, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Akanitazama usoni. "Kwetu nguo ya marehemu inavaliwa vile ilivyo, mwaka mzima. Kama ni kubwa, inakuwa kubwa. Haipunguzwi, haibadilishwi vifungo. Mwaka ukiisha ni yako, fanya unavyotaka." Mzee mmoja akauliza kompyuta inapunguzwaje. "Yeye anajua," Mama Ema akasema. Na kweli nilijua. Sijui kama ile ni desturi ya Wairaqw wote au ya nyumba ile peke yake. Nimewahi kuwauliza watu wa Mbulu, wengine wakakubali, wengine wakanicheka. Mimi niliinama nikasema, "Sawa mama," na kwa kusema hivyo nikawa nimeihama edita yangu na kuipokea ya Ema vile alivyoiacha, kwa kuwa nguo ya urithi haitundikwi msumarini, huvaliwa.

Nikarudi Bagara, nikaifunga kompyuta yangu kwenye begi, nikawasha ya Ema. Faili la dispensari lilikuwa pale pale alipoliachia. Nikabonyeza mshale wa kushuka chini, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Kile kijiboksi kinachopepesa mahali unapoandika hakikushuka. Badala yake, chini kabisa ya kioo yakatokea maandishi: *Zuhura, toa mkono hapo.*

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nikiwa nimekaa kwenye benchi barazani, na Fundi Issa amesimamisha cherehani.

"Umeona nini?"

"Ema ananigombeza."

"Inna lillahi. Anasemaje?"

"Nitoe mkono."

Fundi Issa akafikiri. "Basi utoe. Marehemu habishiwi."

Maelezo yake yalikuwa rahisi, na niliyapata nilipotulia. Wazoefu wa edita ile hawatumii mishale. Wanatembea kwa herufi za katikati ya kibodi ili mkono usihame. Ema alijua kwamba kila alipotoka nilikuwa nachungulia kazi yake na kupiga mishale hovyo, kwa hiyo akaitegea kila mshale maneno yake. Wa juu ulisema, *Hata huko hapana.* Wa kushoto, *Umeanza.* Wa kulia ulisema tu, *Zuhura jamani.* Alinitegea akiwa hai, akitaka awe barazani anisikie nikipiga kelele, na mtego ukaninasa yeye akiwa kaburini. Ningeweza kuyafuta maneno yale kwa mstari mmoja. Lakini kufuta kungekuwa kupunguza nguo, na nilikuwa nimeahidi. Na niseme ukweli wote, hata bila ahadi nisingeyafuta.

Basi nikafundishwa na marehemu. Siku za mwanzo alinigombeza tangu asubuhi hadi jioni. Mkono wangu ulikuwa na mazoea yake, na mazoea yana taabu, kila ulipokwenda kwenye mishale, sauti ikatokea chini ya kioo, na mimi nikamjibu kwa mdomo, "Nimesikia, basi." Wateja wa Fundi Issa walinisikia. Nilimsikia mama mmoja akiuliza, huku akijaribu gauni, kama binti yule wa ndani ana simu sikioni, na Fundi Issa akajibu kwamba hapana, anaongea na mwenzake. "Mwenzake gani?" "Yule aliyefariki." Mama akasema gauni linatosha hivyo hivyo, akalipa, akaondoka.

Lakini taratibu ile trekta ilianza kuniitikia. Niligundua kwamba naweza kufuta mstari mzima kwa kugonga herufi moja mara mbili. Niligundua kwamba nikiionyesha kazi mara moja, itairudia kwenye mistari mia bila mimi kunyanyua kidole. Kazi ya matokeo ya shule moja, ambayo zamani ingenikalisha siku mbili nzima, niliimaliza kabla chai haijapoa, na nikacheka peke yangu, kisha nikageuka upande wa pili wa meza kumwambia mtu. Furaha ya namna ile ndiyo iliyoniumiza zaidi mwaka ule. Huzuni nilikuwa nimeizoea.

Kisha, masika yalipokuwa yamechanganya na barabara ya Bagara imekuwa tope, nikagundua kwamba chumba kimekuwa kimya. Nilijaribu kukumbuka ni lini Ema alinigombeza mara ya mwisho, nikashindwa. Hakuna siku aliyoaga. Mkono wangu ulikuwa umeacha kukosea, na kwa kuwa haukukosea, Ema hakuwa na la kusema. Nilikaa nikiutazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Nimesoma na kufundisha mengi tangu wakati ule, na bado sijui namna ya kumweleza mwanafunzi kwamba kuna jambo unaweza kulipoteza kwa kujifunza vizuri.

Mama Ema alianza kuja siku za mnada. Alikuwa anashuka mjini na mazao yake, akimaliza anapita Bagara na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa na maziwa mgando kwenye dumu dogo. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akajibu, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye kiti cha Ema, tukala. Safari ya kwanza alikula viazi viwili, kisha akauliza, "Siku ile alikuwa anafanya nini?"

Nikamfungulia faili la dispensari. Alisoma polepole, midomo ikitembea, akasema haelewi. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo Ema alikuwa akijivunia kuliko yote. Edita ile inakumbuka kila ulichoandika na kila ulichofuta, hata ukizima kompyuta, mradi faili lisije likaguswa na edita nyingine. Unagonga herufi moja, inarudi nyuma hatua moja. Unagonga tena, inarudi zaidi. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaanza kuja naye mbele. Mbele ya macho ya mama yake, Ema akaanza kuandika. *Usikose kliniki kesho.* Kisha maneno yakafutika. *Tafadhali mama usikose kliniki kesho.* Yakafutika tena. *Mama, kesho tunakusubiri kliniki.* Hapo yakabaki.

Mama Ema aliweka mkono mdomoni. "Ndivyo alivyo," akasema. "Anaanza na ukali, halafu anaona haya."

Hakusema ndivyo alivyokuwa. Alisema ndivyo alivyo. Akaniomba nirudie, nikarudia. Baada ya hapo kila mnada alikuja, na kila alipokuja aliomba turudi nyuma zaidi kidogo kuliko safari iliyopita. Tulimwona Ema akibuni jina la kitu kisha akilikataa. Tulimwona akifuta kazi ya nusu siku nzima kwa mara moja, na mama akasema, "Hapo amekasirika," nami nikaikumbuka siku yenyewe, tulikuwa tumegombana kuhusu nani afagie. Mama alikuwa akimsemesha kwa Kiiraqw, chini chini. Sikuelewa maneno, lakini sauti ya mama anayemhimiza mtoto haihitaji mkalimani. Nje, Fundi Issa hakupenda. Nilimsikia akimwambia mteja, "Yule mama anamfufua mwanawe kwa kibodi. Si vizuri. Mtu aachwe alale." Niliinuka nikausukuma mlango ufunge, ingawa nilijua haufungi. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu siku zangu kwa minada.

Tatizo lilikuwa dispensari. Kazi nyingine zote nilizifanya, tena kwa kasi ambayo Ema angeionea wivu, lakini lile faili moja sikuliandika hata herufi. Kwa edita yangu ya zamani nisingeweza, kwa kuwa ingefuta kumbukumbu yote ya Ema kwa kulisevu mara moja. Kwa edita yake ningeweza, na hakuna ambacho kingepotea. Ningeandika tu chini ya mstari wake. Hilo ndilo lililonishinda. Mstari wake wa mwisho ukipata mstari wangu chini yake, hautakuwa wa mwisho tena. Sista alipiga simu kwa upole, kisha akapiga bila upole. Mwishowe alikuja mwenyewe, viatu vimejaa tope, akakataa kukaa. "Zuhura, nimekuvumilia kwa ajili ya msiba. Kina mama wanasahau tarehe, watoto wanakosa chanjo. Mwezi huu ukiisha bila programu, nampa kazi kijana wa Arusha. Ataanza upya." Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa kwamba akianza upya, kazi ya Ema haitamfaa mtu yeyote duniani. Hata hivyo nilikaa mbele ya faili lile asubuhi tatu mfululizo, vidole hewani, na nikaondoka kwenda kuchambua mchele.

Mama Ema alikuja siku ya mnada wa mwisho wa mwezi ule. Mwaka ulikuwa umekaribia kutimia. Alikula kidogo, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Leo nipeleke mpaka mwanzo. Mwanzo kabisa."

Nikashikilia ile herufi. Mistari ikaanza kufutika kutoka chini, fungu baada ya fungu, kazi ya miezi yote ikikunjwa, hadi ukabaki mstari mmoja, kisha hapakuwa na kitu. Kioo cheusi na kijiboksi kikipepesa juu kushoto.

"Yuko wapi?"

"Hapa bado hajaanza, mama."

Alikisogelea kioo. Mimi nikageuka kumimina chai. Niliposikia kibodi nilidhani ni panya. Nikageuka nikakuta kidole chake kikubwa kikitoka kwenye herufi ya pili, na juu ya kioo kitupu kuna herufi moja. Hakuwa amekosea. Alikuwa ameutazama mkono wangu nikiandika kazi nyingine kwa miezi yote ile. Alibonyeza kwanza ile ya kuomba ruhusa ya kuandika, kisha akaandika.

Nilipiga kelele mpaka Fundi Issa akaingia na mkasi mkononi. Kwa kuwa katika edita yangu ya zamani, ile niliyokua nayo, ukirudi nyuma kisha ukaandika hata herufi moja, yote yaliyokuwa mbele yanapotea na hayarudi. Nilikuwa nimepoteza kazi kwa namna hiyo zaidi ya mara moja. Nikaona Ema amekufa mara ya pili, na safari hii mbele yangu, chumbani. Nikamwambia mama yake maneno ambayo binti hamwambii mtu mzima: "Umefanya nini? Umefanya nini wewe?"

Mama Ema hakukasirika. "Nimesema moyoni, kama hajaanza, hajaondoka," akasema. "Niweke kitu hapo. Akifika akikute, ajue mama yake alikuwepo."

Fundi Issa akamshika bega, akamkalisha, akampa chai niliyokuwa nimeimimina. Mimi nikafungua kurasa za msaada za edita ile, nikisoma huku machozi yakinizuia kuona, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwuliza ila Ema aliyeketi kimya ndani yake. Nikakuta jibu. Edita ile haitupi kitu. Ukirudi nyuma ukaandika jipya, inatunza njia zote mbili, ya kwanza na ya pili, na kuna amri ya kuruka kutoka hii hadi ile. Nikaiandika amri. Mistari ya Ema ikarudi yote kwa pamoja, hadi ule wa mwisho. Fundi Issa akasema, "Alhamdulillahi," akatoka kimya kimya.

Mama Ema alitazama kioo kilichojaa. "Na ile niliyoandika mimi, iko wapi?"

"Ipo, mama. Zote zipo. Pale mwanzo njia zinaachana. Moja ni yake, nyingine ni yako."

"Akipita ataiona?"

Ningeweza kumdanganya, na mtu mwema kuliko mimi pengine angemdanganya. "Hapana, mama. Zikiachana hazikutani."

Alikifumbata kikombe kwa viganja vyote viwili mpaka akamaliza kufikiri.

"Basi hii nayo ni kaburi tu," akasema. "Lile la Nakwa angalau ninalifagia."

Akainuka, akakunja kitambaa cha viazi, akajifunga kanga vizuri. Hakulia. Mlangoni akageuka. "Wamalizie watu kazi yao, mwanangu. Wale kina mama wana watoto walio hai."

Nilimsindikiza hadi barabarani nikamwitia bajaji. Hakuja tena chumbani. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa naenda Nakwa, miaka yote hii, na hatukuzungumza tena habari za kompyuta. Niliporudi nikaketi mbele ya mstari wa mwisho wa Ema, nikagonga ile herufi inayofungua mstari mpya chini ya mwingine, nikaandika. Nilitaka mkono utetemeke. Haukutetemeka. Ulijua njia yote, kama mkono wake, na ndipo nilipomlilia.